Anwani Isiyosomeka: Uhakiki wa Ujumbe wa Hitilafu za Draiva kwa Kurejelea Wasomaji wa Mbulu na Hanang

Ikisiri

Makala haya yanahakiki sehemu moja ndogo ya matini za kompyuta ambayo kwa kawaida huachwa nje ya uhakiki na nje ya tafsiri: anwani ya kumbukumbu inayochapwa katika ujumbe wa hitilafu pale draiva ya mfumo endeshi inapoanguka. Hoja kuu ni kwamba anwani hiyo, ijapokuwa ni namba, ina lugha. Husomwa kwa sauti, husikilizwa, huandikwa upya na mtu mwingine, na katika safari hiyo hukutana na majina ya herufi, mpangilio wa tarakimu na maana za maneno ya Kiswahili. Kwa kutumia mazingira ya wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, makala yanaonesha mahali ambapo usomaji unakwama, yanalinganisha umbo la anwani na umbo la mshororo wa ushairi wa Kiswahili, na yanapendekeza namna ya kuiandika ili isomeke. Inahitimishwa kwamba umbo la namba ni sehemu ya kazi ya mtafsiri na mhakiki wa Kiswahili, wala si jambo la mhandisi peke yake.

1.0 Utangulizi

Jioni moja mjini Katesh, chini ya Mlima Hanang, mwandishi wa makala haya alikuwa ameketi katika chumba kidogo cha huduma za kompyuta wakati mashine moja ilipozima programu zake zote na kujaza kioo maandishi meupe juu ya weusi. Katikati ya maandishi hayo kulikuwa na namba yenye tarakimu 16. Fundi alimpigia simu mwenzake aliyekuwa Arusha, akaanza kumsomea. Alipofika tarakimu ya nane akatamka "e". Mwenzake akamkatiza: "E ya Kiswahili, kaka, au ei ya Kizungu?" Walirudia mara tatu. Picha ilipigwa, lakini mtandao wa jioni ile haukuipeleka. Mara ya tatu namba iliandikwa kikamilifu upande wa pili, na kwa bahati mbaya ilikuwa imeandikwa vibaya.

Tukio hilo ni dogo, na wengi watasema ni la kiufundi. Makala haya yanasema kwamba ni tukio la kiisimu. Ujumbe ule ulikuwa matini. Fundi alikuwa msomaji. Mwenzake wa Arusha alikuwa msikilizaji na mwandishi wa nakala. Matini iliharibika katika kusomwa kwake. Wanafilolojia wa tenzi wanaifahamu hali hii: mwandishi wa nakala husikia au huona sauti moja, huandika nyingine, na miaka mingi baadaye mhariri huhangaika kutafuta neno la asili. Tofauti ni kwamba katika utenzi muktadha humsaidia mhariri. Katika namba ya heksadesimali hakuna muktadha. Kila tarakimu inaweza kufuatwa na tarakimu yoyote, na kosa moja halijitangazi.

Juhudi za kuleta kompyuta katika Kiswahili zina historia inayoeleweka. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kampuni ya Microsoft ilitoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows XP na Office 2003 katikati ya muongo huohuo. Kazi hizo zilishughulikia menyu, vitufe na maelezo ambayo mtumiaji hukutana nayo kila siku. Tabaka la chini halikuguswa. Kiini cha Linux, kwa mfano, huandika ujumbe wake kwa Kiingereza popote kinapotumika duniani. Kwa hiyo mtumiaji wa Haydom au Dongobesh mwenye kiolesura cha Kiswahili hupokea Kiswahili mambo yanapokwenda sawa, na hupokea Kiingereza na namba mambo yanapoharibika. Mtafsiri wa wakati huo huwa fundi mwenyewe, akitafsiri kwa mdomo, simu ikiwa sikioni.

2.0 Maneno mawili yenye kazi nyingine

Istilahi iliyozoeleka ni anwani ya kumbukumbu. Maneno yote mawili ni mazuri na yote mawili yana kazi nyingine katika Kiswahili.

Anwani limetokana na Kiarabu, na limeingia katika Kiswahili likiwa na maana zake mbili: kichwa cha maandishi, na maelezo ya mahali mtu anapopatikana. Katika maana ya pili, Mtanzania wa vizazi vilivyopita alimaanisha sanduku la posta. Herufi S.L.P. na namba yake, zikifuatwa na jina la mji, ndizo zilizokuwa anwani ya mwalimu wa Basotu na ya mkulima wa Endagikot alike. Ikumbukwe kwamba S.L.P. haisemi mtu anaishi wapi. Inasema barua iwekwe wapi, na kutoka hapo mtu mwingine anajua njia ya kumfikia mhusika. Anwani ya makazi ni jambo jingine. Operesheni iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 8 Februari 2022, kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huohuo, ilikusudia kuipa nyumba yenyewe namba, barabara na postikodi.

Tofauti hii ndiyo hasa tofauti ya anwani mbili za kompyuta. Programu na draiva hutumia anwani dhahania, ambayo kichakataji huitafsiri kwa kutumia majedwali ili kupata anwani halisi katika chipu ya kumbukumbu. Ya kwanza ni S.L.P., ya pili ni nyumba. Ujumbe wa hitilafu kwa kawaida huchapa ya kwanza bila kuitaja kwa jina. Msomaji anaambiwa "anwani" na haambiwi anwani ya aina gani. Kiswahili kina uzoefu wa kutofautisha mambo haya, lakini istilahi haijautumia.

Neno kumbukumbu lina mzigo mzito zaidi. Katika ofisi za Tanzania, barua rasmi huwa na mstari wa Kumb. Na., yaani namba ya kuirejelea barua katika jalada. Kumbukumbu pia ni maandishi ya kikao, na ni ukumbusho wa waliotangulia. Waumini wanakijua pia kitabu cha Kumbukumbu la Torati. Karani wa halmashauri anaposoma "anwani ya kumbukumbu" na mbele yake namba ndefu, fikra ya kwanza inayomjia ni ya jalada. Atakayesema kwamba karani hana sababu ya kusoma ujumbe wa draiva hajakaa katika ofisi ya wilaya ambako karani ndiye aliye mbele ya mashine inapoanguka, na fundi yuko safarini.

Kuna na neno la tatu. Kiini cha Linux kinapokuta draiva imegusa eneo lisiloruhusiwa, hutangaza kwamba kimeshindwa kushughulikia kile ambacho tafsiri sisisi ingekiita "kosa la ukurasa". Kwa wasomaji wa jarida kama hili, kosa la ukurasa ni la mchapaji. Kwa kompyuta, ukurasa ni kipande cha kumbukumbu chenye baiti 4,096, na kosa ni kwamba ukurasa ulioombwa haupo katika majedwali. Sitiari yenyewe ya ukurasa haina ubaya. Ubaya ni kuiacha peke yake, pasipo neno la kuionesha kuwa ni sitiari.

3.0 Namba kama mshororo

Tuchukue mfano wa anwani kama inavyochapwa:

ffff9c4e1a0de3c8

Hizi ni tarakimu 16 za mfumo wa kumi na sita, kila moja ikibeba biti 4, jumla biti 64. Mashine za zamani za biti 32 zilikuwa na tarakimu 8. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili atakuwa ameshaona jambo. Mshororo wa utenzi una mizani 8. Mshororo wa shairi la tarbia, kwa arudhi ambayo Sheikh Kaluta Amri Abedi aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, una mizani 16 iliyogawanyika katika ukwapi wa mizani 8 na utao wa mizani 8. Kuhama kutoka biti 32 hadi biti 64 kumekuwa, kwa hesabu tu, kuhama kutoka kipimo cha utenzi hadi kipimo cha shairi.

Ulinganisho huu ni wa sadfa na haupaswi kubebeshwa zaidi ya uwezo wake. Tarakimu si silabi. Sifuri ina mizani 3 na tatu ina mizani 2. Hata hivyo sadfa hiyo inafundisha jambo la kweli. Watunzi wetu hawakuwaachia wasomaji mizani 16 mfululizo. Waliweka kituo katikati, kwa sababu mtu anayetamka anahitaji kupumua na mtu anayesikiliza anahitaji kushika. Ukwapi na utao ni mgawanyo wa mdomo na sikio kabla haujawa mgawanyo wa karatasi.

Inafurahisha kuona kwamba baadhi ya wahandisi wamefikia hitimisho lilelile. Chombo cha Microsoft cha kuchunguzia hitilafu, WinDbg, huandika anwani ya biti 64 kwa kuweka alama ndogo mfano wa kistari kilichoinama baada ya tarakimu ya nane: tarakimu 8, alama, tarakimu 8. Chombo hicho hupokea alama hiyohiyo mtumiaji anapoiandika. Kiini cha Linux, kwa upande wake, huchapa tarakimu zote 16 zikiwa zimeshikamana.

Kwa mtumiaji wa Tanzania, lakini, mgawanyo uliozoeleka zaidi ni wa nne nne. Namba ya kuingiza katika mita ya LUKU ina tarakimu 20, na mtu wa Mbulu mjini anayemsomea ndugu yake aliye nyumbani humsomea nne, akasubiri "ehe", kisha nne nyingine. Hakuna aliyefundishwa darasani. Ni desturi iliyoundwa na watu waliokuwa wakisomeana namba ndefu katika simu zenye sauti hafifu. Ikiwa tutaunganisha desturi hiyo na kituo cha katikati, anwani yetu itakuwa hivi:

ffff 9c4e – 1a0d e3c8

Jicho la msomaji linaona mara moja kwamba fungu la kwanza ni f nne, jambo linaloashiria kuwa hii ni anwani ya upande wa kiini na si ya programu ya kawaida. Katika umbo la awali, msomaji alilazimika kuzihesabu f kwa ncha ya kidole.

Kuna mgawanyo mwingine wenye maana zaidi ya kupumua. Postikodi ya Tanzania ina tarakimu 5, na kila nafasi ina kazi: ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Anayeijua kanuni hiyo anaisoma postikodi kama anavyosoma njia. Anwani dhahania ya vichakataji vya x86-64 vyenye majedwali ya ngazi nne imejengwa vivyo hivyo: biti 9 kwa kila ngazi, na biti 12 za mwisho zinazoonesha baiti ndani ya ukurasa. Biti 12 ni tarakimu 3 kamili. Kwa hiyo katika anwani yetu, 3c8 ya mwisho ni "nyumba" ndani ya ukurasa, yaani baiti ya 968 kwa kuhesabu kuanzia sifuri, na yote yaliyotangulia ni njia ya kuufikia ukurasa huo. Fundi mzoefu hulijua hili. Ujumbe haumwambii asiye mzoefu chochote.

4.0 Herufi sita na lugha mbili

Tatizo la tukio la Katesh halikuwa mgawanyo peke yake. Lilikuwa majina ya herufi.

Mfumo wa kumi na sita huazima herufi sita, A hadi F, kwa thamani za kumi hadi kumi na tano. Mwanafunzi wa Tanzania huzijua herufi hizi kwa majina ya lugha mbili. Kwa Kiswahili A ni a, E ni e. Kwa Kiingereza A hutamkwa ei, na E hutamkwa ii. Ei inapopita katika simu hafifu husikika kuwa e. Hivyo msemaji anayetumia Kiingereza akisema A, na msikilizaji anayetumia Kiswahili akiandika E, wote wawili wamefanya kazi yao sawasawa na namba imeharibika. Kinyume chake pia hutokea: E ya Kiingereza huandikwa I, herufi isiyomo katika mfumo huo kabisa, nayo kwa mwandiko wa haraka hufanana na 1.

Athari yake inaweza kupimwa. Katika anwani yetu, e ya tarakimu ya nane ikigeuka a, anwani inahama kwa baiti 17,179,869,184, yaani gigabaiti 16. E ya fungu la mwisho ikigeuka a, inahama kwa baiti 16,384, sawa na kurasa 4. Kosa la kwanza huenda likashtukiwa. La pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa anwani inabaki katika ujirani uleule na kumpeleka mchunguzi kwenye kurasa za jirani asiye na hatia.

Herufi nyingine hazina nafuu. B, C na D kwa Kiingereza zote huishia kwa sauti moja, na kwa majina ya Kiswahili be, che, de hali ni hiyohiyo. C peke yake haimo katika alfabeti ya Kiswahili Sanifu isipokuwa ikiwa na H. Tarakimu nazo zina mitego: nne na nane hutofautiana kwa irabu moja, na sita na tisa ni kama neno moja lililobadilishana konsonanti zake. Mzungumzaji wa Kiswahili hukwepa mitego hii kwa kuunganisha tarakimu mbili mbili: badala ya nane tisa husema themanini na tisa. Mfumo wa kumi na sita unamnyang'anya njia hiyo, kwa sababu 9c haina jina.

Kisha ipo alama ya 0x, inayotangulizwa mara nyingi ili kuonesha kwamba namba inayofuata ni ya mfumo wa kumi na sita. X haimo katika alfabeti ya Kiswahili. Aliyepita shule ya msingi anaijua kama alama ya mara, na anajua kwamba sifuri mara chochote ni sifuri. Mbulu ina upekee wake hapa. Kiiraqw, kwa maandishi yake, hutumia x na q kama konsonanti kamili, na hata mkwaju (/) ni herufi ya konsonanti, kama inavyoonekana katika kamusi ya Mous, Qorro na Kießling ya mwaka 2002. Katika eneo ambamo Kiiraqw cha Wakushi, Kidatooga cha Waniloti, Kihadza na lugha za Kibantu zinakutana, msomaji amezoea kwamba alama moja hubadilika thamani kwa kutegemea lugha. Anachohitaji ni kuambiwa lugha ipi inasomwa. Ujumbe wa hitilafu humpa alama bila kumwambia lugha.

5.0 Anwani inayojificha

Hadi hapa tumechukulia kwamba namba iliyochapwa ndiyo anwani. Si lazima iwe hivyo.

Tangu toleo la 4.15 la mwaka 2018, kiini cha Linux, kinapoombwa na draiva kuchapa anwani kwa njia ya kawaida, hakichapi anwani yenyewe. Huipitisha katika fomula yenye ufunguo wa siri na kuchapa matokeo yake. Anwani ileile itatoa namba ileile mpaka mashine izimwe. Ikiwashwa upya, namba hubadilika. Sababu ni ya usalama na ni nzuri: anayejua mahali halisi pa vitu ndani ya kiini ana nusu ya njia ya kukivamia. Kwa sababu hiyohiyo, mahali pa kiini chenyewe huhamishwa kwa kubahatisha kila mashine inapowashwa.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili hawatashangazwa na maandishi yanayoficha. Jadi ya kufumba na kufumbua ni kongwe, na mafumbo yana adabu zake. Adabu ya kwanza ni kwamba hadhira ijue kuwa limetegwa fumbo. Anayetega kitendawili hutangaza, na anayetegewa huitika. Namba iliyofumbwa ya draiva haitangazi. Ina sura ya anwani, kwa tarakimu zake 16, na msomaji wa Hanang anaweza kuisoma kwa uangalifu wote, kuituma Arusha bila kosa hata moja, na bado akawa ametuma kitu kisichoonesha mahali popote. Hapa pana kasoro ya kimaandishi ambayo haitokani na usalama. Usalama unadai anwani isitolewe. Haudai namba nyingine ivae vazi lake kimyakimya.

Kiini hichohicho kina njia bora, nacho huitumia mahali pengine. Kinapotaja agizo lililokuwa likitekelezwa wakati wa kuanguka, huandika jina la sehemu ya programu, umbali kutoka mwanzo wake, na urefu wake wote, kisha jina la draiva. Kwa mfano wa kubuni:

pokea_pakiti+0x5c/0x8e0

Maana yake ni baiti ya 92 ndani ya sehemu iitwayo pokea_pakiti, yenye baiti 2,272. Namba hizi hazibadiliki mashine ikiwashwa upya, hazimfichulii mvamizi mahali pa kiini, na ni fupi. Zaidi ya hayo, zinafuata namna ambavyo watu wa vijijini wameelekezana siku zote. Mgeni anayemtafuta mtu katika vijiji vya Mbulu haambiwi latitudo. Anaambiwa kijiji, kitongoji, kisha "ukishavuka kijito, nyumba ya tatu". Tangu enzi za TANU, balozi wa nyumba kumi alikuwa jina ambalo kwalo nyumba nyingine tisa zilipatikana. Jina linalojulikana kwanza, umbali mfupi baadaye. Anwani ya namna hiyo hubebeka kichwani.

Ujumbe huu ni bora kuliko namba tupu, lakini nao una upungufu wa lugha. Alama ya kujumlisha inamaanisha "kutoka", na mkwaju unamaanisha "kati ya". Kwa mwalimu wa hesabu mkwaju ni kugawanya. Kwa msomaji wa Kiiraqw ni konsonanti. Maneno mawili mafupi ya Kiswahili yangemaliza utata wote.

6.0 Pingamizi na pendekezo

Pingamizi la kwanza ni kwamba namba iliyogawanywa kwa nafasi haitafutiki kwa urahisi katika faili la kumbukumbu za mfumo, kwa kuwa programu ya kutafuta hutafuta mfululizo. Hoja hii ina uzito kwa faili. Haina uzito kwa kioo. Hakuna kinachozuia faili lihifadhi umbo la kushikamana na kioo kioneshe umbo la kusomeka, kama WinDbg inavyopokea alama yake bila kutatizika.

Pingamizi la pili ni kwamba picha ya simu imeondoa haja ya kusoma kwa sauti. Tukio la Katesh linalijibu. Na hata pale picha inapofika, anayeipokea hulazimika kuiandika namba upya kwenye kibodi.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kwamba fundi anapaswa kujua Kiingereza, na kwamba Kiswahili cha draiva hakina msomaji. Hoja hii huchanganya mambo mawili. Fundi wa Katesh anajua Kiingereza. Kilichomwangusha ni kuwa na lugha mbili kwa wakati mmoja katika namba moja, bila matini kumwambia atumie ipi. Kuipuuza lugha ya msomaji hakuiondoi. Kunaiacha ifanye kazi bila kanuni.

Pendekezo letu lina vipengele vinne. Kwanza, ujumbe uanze na nomino thabiti ya Kiswahili ili upatanisho wa kisarufi ushike. Ujumbe wa kompyuta huwa na pengo linalojazwa jina la kitu, na pengo hilo ni adui wa ngeli: kifaa kimeshindwa, mfumo umeshindwa, kadi imeshindwa. Tukianza na "Draiva ya...", kitenzi kitakuwa "imesimama" daima, lijazwe jina lolote. (Tunatumia draiva kwa kuwa ndilo neno la mafundi, kiendeshi limeshatumika pia kwa kifaa cha diski, na dereva ana kazi yake barabarani.) Pili, jina na umbali vitangulie, namba ndefu ifuate. Tatu, namba ndefu igawanywe nne nne na kituo katikati, na ikiwa imefumbwa isemwe hivyo. Nne, herufi sita zipewe maneno ya kuzitambulisha: A ya asali, B ya bata, C ya chai, D ya dawa, E ya embe, F ya fisi. Matokeo yangekuwa hivi:

Draiva ya kadi ya mtandao imesimama.
Mahali: pokea_pakiti, baiti ya 92 kati ya 2272.
Ilitaka kusoma ukurasa wa RAM ambao haupo.
Anwani dhahania: ffff 9c4e – 1a0d e3c8

Mstari wa tatu umetaja RAM badala ya kumbukumbu kwa makusudi, ili Kumb. Na. ya barua ibaki mahali pake. Mstari wa nne umetaja aina ya anwani. Fundi atakayeusoma mstari wa pili kwa simu atatumia pumzi moja, na mara nyingi huo utatosha.

7.0 Hitimisho

Toleo la zamani la Windows lilikuwa na ujumbe maarufu uliotaja anwani mbili ndefu na kumalizia kwa kusema kwamba kumbukumbu haikuweza "kusomwa", neno la mwisho likiwa ndani ya alama za nukuu kwa sababu lilikuwa limejazwa katika pengo la sentensi. Alama hizo za nukuu zilionesha mahali mhandisi alipomwacha msomaji: neno lilipachikwa, sentensi haikuandikwa.

Watafsiri wa Kiswahili wamefanya kazi ya kuheshimika katika maneno ya kompyuta, lakini namba waliiacha kama walivyoikuta, kwa imani kwamba namba haina lugha. Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba namba inayotamkwa ina majina ya herufi, ina mahali pa kupumulia, ina maana za maneno yanayoizunguka, na wakati mwingine ina siri. Taaluma zinazoshughulikia mambo hayo ni fonolojia, arudhi, semantiki na uhakiki wa matini, ambazo zote zimo katika idara zetu za Kiswahili. Kamati ya istilahi itakayokaa tena kuangalia maneno ya mfumo endeshi ingefanya vyema kumwalika fundi mmoja kutoka Katesh au Haydom, impe simu na anwani yenye tarakimu 16, na kumwomba amsomee mtu aliye chumba cha pili.